Kirusi Kimoja, Pacha Wawili

Kama umeamka leo na upande mmoja wa paji la uso unawaka, nywele za upande huo hazishikiki, hata mto unakuchoma, na bado huoni kipele, usisubiri kama nilivyosubiri mimi. Nenda hospitali kwanza, ndipo urudi uendelee kusoma. Nimeandika haya kwa ajili yako, siyo kwa ajili ya madaktari, maana wao wana vitabu vyao.

Mimi ni Kulwa, fundi cherehani wa Mkuyuni, Mwanza. Pacha mwenzangu ni Doto, na hata nikitaka kuiandika habari hii bila yeye siwezi, kwa sababu amejipenyeza mpaka ndani ya ugonjwa wangu. Ndivyo alivyo tangu tuzaliwe. Mimi nilitangulia kutoka, nikapokewa kwa haraka kama mzigo, lakini yeye alipofuata, hakuna aliyekuwa anamtarajia, na vigelegele vyote vikaenda kwake.

Kwetu ng'ambo ya ziwa, upande wa Sengerema, pacha hatendewi jambo peke yake. Mmoja akishonewa gauni, mwenzake naye anapimwa. Mmoja akinyolewa, wembe unahamia kwa mwingine. Mmoja akipewa dawa, mwenzake anarambishwa hata kama ni mzima. Mama alilishika hilo kama sala. Nilipopata tetekuwanga tukiwa wadogo, alimchukua Doto aliyekuwa hana hata kipele, akamlaza na mimi chini ya blanketi moja, ili tuugue pamoja na tupone pamoja. Doto akaugua kweli. Mimi nilitoka vipele mpaka kwenye kope, na makovu yakabaki mashavuni. Yeye alipata vichache mgongoni, mahali ambapo hakuna anayepaona. Nilianza kumwonea wivu siku hizo, na ninakuomba usinishangae, maana safari bado ni ndefu.

Mama hakujua, na mimi sikujua, kwamba tetekuwanga ikipona haiondoki. Kirusi chake kinajificha kwenye mishipa ya fahamu na kulala humo. Unaweza kuzeeka nacho na kuzikwa nacho bila kukisikia. Pia kinaweza kuamka, na kikiamka hakirudi na tetekuwanga, kinakuja na mkanda wa jeshi. Kilichokuwa kimelala kwangu na kilichokuwa kimelala kwa Doto ni kile kile, alikipata kwangu chini ya blanketi moja. Changu kiliamka. Cha kwake kimelala mpaka leo.

Kiliamka miaka ile mitumba ilipoanza kumwagika Mwanza. Nchi ilikuwa imefungua milango, kila kitu kinaingia, na wateja wangu wa magauni wakahamia kwenye marobota. Nilibaki na sare za shule. Nilikuwa nashona mpaka mgongo unakufa ganzi, chakula nakula nikikumbuka, na mwili ukaanza kupukutika. Doto naye wakati huo huo mambo yalikuwa yanamnyookea. Viwanda vya samaki vilikuwa vimefunguliwa kando ya ziwa, minofu ya sangara inapanda ndege kwenda Ulaya, na sisi tunauziwa mapanki, yaani kichwa na mifupa inayobaki. Doto alifungua kibanda cha kukaanga mapanki, hatua chache tu kutoka kwenye baraza langu. Ana foleni. Ana mume mpole. Ana mimba. Mlango ule ule wa nchi uliotoa wateja wangu ndio ulioingiza wa kwake, na mimi nashona huku nasikia samaki wake wanavyolia kwenye mafuta.

Ilikuwa kiangazi, siku za vumbi. Moto ulianza juu ya nyusi ya kushoto, ndani kwa ndani, kama mtu anayenichoma na pasi kutokea upande wa fuvu. Kisha vikatoka vipele vya maji kwenye paji, kwenye kope, vikateremka mpaka ncha ya pua. Jirani yangu akaniangalia na kusema huo ni mkanda wa jeshi.

Hapa ndipo tulipokosea, na kosa lenyewe ni la kwetu kabisa. Kwetu hata mtoto anajua mkanda wa jeshi unavyoua. Unatokea mbavuni, unazunguka kiuno, na ncha zake mbili zikikutana mgonjwa haponi. Kinacholindwa basi ni ncha zisikutane. Mama alipopelekewa habari ng'ambo, alituma jibu kwamba nimshukuru Mungu, kama uko usoni basi ni nafuu, ncha zitakutania wapi? Wote tukatulia. Nilijifungia ndani, nikawa napaka unga mweusi wa jirani uliochanganywa na mafuta ya samaki, na kila asubuhi nachukua kioo kuangalia kama vipele vimevuka katikati ya paji kwenda kulia. Havikuvuka. Nilifurahi kwamba havikuvuka. Wakati nachunga upande wa kulia, jicho la kushoto lilikuwa linaliwa.

Lilipofunga kabisa kwa uvimbe, Doto aliacha mafuta jikoni akanishika mkono mpaka hospitali.

Wewe unayekwenda kukaa kwenye benchi la kliniki ya macho, beba khanga ya kujifunika kichwa, siyo kwa aibu, ni kwa ajili ya upepo. Upepo unaopita kwenye korido ulikuwa unanichoma kuliko vipele vyenyewe. Na ujiandae na watu. Miaka ile mkanda wa jeshi ulikuwa umeshapewa maana moja tu, UKIMWI, na kila aliyeniona alijua nina ugonjwa gani na nimeupata vipi. Benchi lilikuwa limejaa, lakini kushoto kwangu na kulia kwangu palikuwa peupe. Doto akaja akakaa, bega lake likagusa langu. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akamwambia mwenzake jinsi yule mjamzito alivyo na upendo. Hakuna aliyesema neno juu ya yule mwenye vipele.

Walinipima damu. Hawakukuta walichokuwa wanakitafuta, na hilo nalisema bila kujisifu. Wangekikuta ningekuwa mtu yule yule, na lile benchi lingekuwa na hatia ile ile.

Nesi alipoona tumbo la Doto alishtuka, akauliza kama mwenzangu amewahi kuugua tetekuwanga, maana maji ya vipele vyangu si salama kwa mjamzito ambaye hajawahi kuupata ugonjwa huo. Doto akasema aliugua utotoni. Nesi akapumua, akasema basi hana neno, mwili wake unakifahamu kirusi hicho na mtoto yuko salama. Nililifikiria jambo hilo nikiwa nimelala wodini, uso umevimba kama andazi. Ugonjwa ule ule ulionilaza mimi wodini, kwa blanketi la Mama ndio uliomkinga yeye na mimba yake. Nilitaka kumweleza mtu uonevu huo, nikakosa hata wa kuanzia.

Wodini nilihesabu majira kwa dawa. Kulikuwa na wakati wa vidonge, ambavyo shemeji yangu alivitafuta kwenye maduka ya dawa ya watu binafsi yaliyokuwa ndiyo kwanza yanafunguliwa mjini. Ukaja wakati wa marhamu, jicho linafunguliwa kwa vidole viwili na kufungwa tena kwa bandeji. Halafu wakati wa matone, ambapo vipele vilikauka vikawa magamba, na nywele za mbele zikabaki kwenye kitana. Maumivu hayakukauka. Daktari wa macho, mama mmoja mfupi mwenye mikono ya baridi, alikuwa akinimulika na kusema tuendelee. Kila siku tuendelee. Nilichokuwa nataka kujua ni kimoja tu, kama jicho litaona, kwa sababu fundi cherehani bila jicho ni nani?

Mama alichelewa kufika. Magugu maji yalikuwa yameziba ghuba, kivuko kinasimama, watu wanangoja upepo uyasukume. Alipoingia wodini alikuwa na harufu ya ziwa na hasira ya safari. Akaniangalia mimi na bandeji yangu, akamwangalia Doto aliyesimama na macho yake mawili, akamgeukia nesi.

"Mwanangu, nipe na bandeji ya huyu."

"Huyu ni mzima, mama."

"Mzima vipi, na mwenzake anaumwa?"

Nesi alikataa kutoa bandeji ya hospitali. Mama akachana ukingo wa khanga yake, akamfunga Doto jicho la kushoto, akakaza fundo nyuma ya kichwa, akasema kitambaa hicho hakifunguliwi mpaka bandeji yangu ifunguliwe. Nilidhani Doto atakivua akifika getini. Hakukivua.

Sasa nikuambie kitu ambacho wagonjwa hatukisemi. Ugonjwa ukishakuwa wako unataka angalau huruma yake iwe yako. Bandeji yangu ilikuwa na usaha na harufu. Kitambaa cha Doto kilikuwa cha rangi ya njano na nyekundu, kinafuliwa kila siku, na kilimpendeza. Nilipotoka wodini na kurudi Mkuyuni nilikuta watu wanapanga foleni kwenye mapanki wakimpa pole yeye. Wanamuuliza anaendeleaje. Mzee mmoja wa kanisani alinipita mimi mwenye kidonda barazani, akaenda kumshika Doto mkono na kumwambia Mungu anaona. Nilichukua mkasi nikakata kitambaa cha mteja pasipotakiwa.

Nikamwambia Doto akivue. Mama alikuwa ameshavuka kurudi kwake, hakuna atakayejua. Doto akasema amezoea. Nikamwambia anakaanga kwa mafuta ya moto, ana mimba kubwa, na jicho moja haliwezi kupima umbali wa karai. Akasema ndiyo, ameshaliona hilo. Na kweli siku chache baadaye alimimina mafuta nje ya chombo, yakamrukia kwenye kifundo cha mkono, na malengelenge yakatoka. Mkuyuni nzima ikaja kumpa pole tena. Nilikwenda kumpaka dawa nikiwa nimekunja uso, na nilimwambia waziwazi kwamba ugonjwa ni wangu, aniachie.

"Uchukue," akasema. "Nani amekunyima?"

Nilitoka hapo nimenuna, na tulikaa muda tukisalimiana kwa kichwa tu. Kiangazi kikaisha. Wadudu wa ziwa walikuja kama moshi, wakaingia kwenye taa na kwenye chai, kisha mvua za vuli zikaanza na maumivu ya paji yakabadilika, yakawa yanakuja kwa mikupuo. Kama na wewe umefika hapo, fahamu kwamba yanapungua. Yanapungua polepole mno, lakini yanapungua.

Doto alijifungua mvua zikiwa zimekolea. Kwetu mwanamke hajifungui akiwa na fundo mwilini, kwa hiyo Mama alikuja kumfungua nywele, shanga na kile kitambaa. Akapata mtoto wa kike, wakamwita Neema. Nilifurahi kwa mambo mawili, la mtoto na la kitambaa. Doto alipotoka hospitali amempakata mwanawe, kitambaa kilikuwa kimerudi jichoni. Amekifunga mwenyewe. Hata Mama alishangaa, akasema mzazi angeruhusiwa kupumzika. Mimi niliona ni maringo tu, amenogewa na pole za watu.

Huyo Neema leo anafundisha biolojia sekondari, Buhongwa. Juzi alikuwa kwangu, akanikuta nasugua paji kama ninavyofanya mvua ikikaribia, nikawa nakilaani kirusi changu kama kawaida. Nilimwambia kilimpenda mama yake kikanichukia mimi.

"Mama mkubwa, kirusi hakipendi mtu wala hakichukii. Kinatafuta pa kuishi."

"Basi kwa mama yako kilipata chumba kikakaa kwa adabu. Kwangu kikavunja vyombo."

Akacheka, akanieleza jambo ambalo nimelala nalo tangu siku hiyo. Alisema mwili wa binadamu umejaa mabaki ya virusi vya zamani sana, vilivyowaambukiza viumbe waliotutangulia kabla hata hapajawa na mtu. Vingine viliua. Vingine havikuondoka, vikaingia kwenye urithi, vikapokelewa kutoka mzazi hadi mtoto mpaka vikageuka kuwa sisi. Hata lile kondo lililomshika yeye tumboni kwa mama yake, alisema, sehemu ya maelekezo ya kulijenga ilitoka kwa kirusi. Bila maambukizi yale ya kale mimba zetu zisingekuwa kama zilivyo.

Mimi sikujaaliwa mtoto. Nikamwambia kwa hiyo virusi vilimpa Doto mtoto na mimi vikanichukulia jicho, asante kwa somo.

Neema hakuudhika. Alisema mimi pia nilishikwa na kondo la namna hiyo hiyo tumboni, tena nikiwa na Doto. Akasema viumbe hawana wema wala ubaya tunaowapakazia, wanaingiliana tu, na baada ya kuingiliana hakuna anayerudi alivyokuwa. Akanikumbusha ziwa. Kweli, baba yangu alikufa akiwalilia furu, samaki wadogo wa utoto wake walioliwa na sangara aliyeletwa na watu. Sangara huyo huyo ndiye aliyemsomesha Neema.

Narudi kwenye mvua zile. Siku ya kliniki daktari alinimulika, akazima taa yake, na safari hii hakusema tuendelee. Akasema kidonda kimepona lakini kioo cha jicho kimebaki na kovu jeupe, na jicho halitaona tena. Alisema kwa upole. Niliona ukuta, kalenda, ndoo ya maji, vyote vikiwa upande wa kulia.

Nilirudi nyumbani nikakaa kwenye cherehani kwa mazoea. Uzi ulikuwa umekatika. Nikaushika nikaupeleka kwenye tundu la sindano, ukapita pembeni. Nikarudia, ukapita mbele. Nilikuwa nautia uzi hewani kama mlevi, mimi niliyekuwa natunga sindano huku naongea na wateja. Nikaifunika mashine kwa kitambaa, nikalaza kichwa juu yake.

Doto aliingia akiwa na mtoto mgongoni. Hakunipa pole. Aliondoa kitambaa kwenye mashine, akanisogeza kwa nyonga, akakaa kwenye kiti changu. Doto hajawahi kushona hata kifungo maishani mwake. Alikata ncha ya uzi kwa meno, akaweka kidole chake nyuma ya sindano, akausogeza uzi mpaka ukagonga kidole, akaushusha kidogo, ukaingia. Mara moja. Kitambaa cha khanga kikiwa bado jichoni.

"Usilitafute tundu," akasema. "Tafuta kidole chako kwanza, hicho unakijua kilipo. Na chai usiimimine hewani, egesha mdomo wa birika kwenye kikombe. Ngazi uguse kwa mguu. Mtu akija kushoto hutamwona, kwa hiyo sokoni tembea ukuta uwe kushoto kwako."

Nilimuuliza haya yote ameyajulia wapi. Akasema kwenye mapanki. Amemwaga mafuta, amejigonga kwenye nguzo, amejichoma vidole kwa sindano ya kuazima kibandani wateja wakiwa hawapo. Nikamuuliza tangu lini. Ndipo akaniambia kwamba daktari alimwita pembeni mapema, nikiwa bado kwenye marhamu, akamwambia kama ndugu wa mgonjwa kwamba jicho lile haliponi. Mama alikuwa hajafika. Kitambaa kilipofungwa yeye alikuwa anajua tayari. Alisema Mama alimfunga kwa ajili ya mila, yeye akakiacha ili mmoja wetu awe ameshajifunza siku nitakapoambiwa.

Kumbe pole zote zile alizipokea akiwa na siri yangu mkononi. Nilikasirika. Nilimwambia alinificha jicho langu mwenyewe. Akasema ndiyo, alinificha, na nikitaka nimchukie, lakini kwanza nitunge sindano. Alihama kwenye kiti. Nilitunga nikakosa, nikakosa tena, Neema akaanza kulia mgongoni kwake, na yeye hakunisaidia wala hakuondoka. Uzi ulipoingia nilimshika kichwa, nikafungua fundo la kitambaa kwa mkono wangu. Ngozi ya chini ilikuwa imepauka, na jicho lilikuwa linapepesa kwa mwanga, jicho zima, jeusi, zuri.

"Doto, ungekuwa wewe umeugua," nikamuuliza, "mimi ningekifunga?"

Hakutaka kunidanganya.

"Wewe? Ungekivua getini, ungesema kinakubana."

Ilikuwa kweli, na aliijua tangu mwanzo, na bado alikifunga. Foleni, mume, mtoto, ngozi, jicho, vyote nilikuwa nimeshamwonea wivu, lakini hakuna kilichoniuma kama moyo ule: tuliumbwa pamoja, na bado moyo ukaenda kwake. Nililia pale kwenye cherehani, na ndipo nilipojua, jambo ambalo daktari hakuniambia na ninakuambia wewe, kwamba jicho lisiloona linatoa machozi sawasawa na lile zima.